Jembe Nililolipokea kwa Mikono Miwili

Jumapili, 3 Novemba 1968

Modesti ndiye meneja! Meneja wa kiwanda cha chuma, mwanangu mimi, huyu huyu niliyemzaa kwenye kibanda cha kuvunia ulezi! Leo padre kamtaja kanisani na watu wote wakageuka kunitazama. Kwa bahati nilikuwa nimevaa kitenge kipya. (Si bahati. Nilijua tangu Ijumaa.)

Haya, sasa tusalimiane. Hujambo, kitabu. Mimi ni Kristiana, mjane wa marehemu Flavian. Nimesoma kwa masista mpaka darasa la nne na mwandiko wangu ulikuwa unaonyeshwa kwa wageni. Kitabu hiki kaniletea Modesti. Kasema, "Mama, una maneno mengi, mengine yaweke humu." Mtoto ana adabu lakini ana utani.

Kiwanda chenyewe kiko Katandala. Tulikijenga sisi wakulima kupitia chama chetu cha ushirika. Aliyekuwa na ng'ombe alitoa ng'ombe, aliyekuwa na maharage alitoa maharage. Kinayeyusha vyuma chakavu na kutengeneza majembe. Hata mimi nina hisa, kwa jina la marehemu. Lakini mashine zimekuwa zikifa moja baada ya nyingine, na sasa kuna kampuni ya ng'ambo inayotaka kuingia, na kampuni imesema meneja awe Modesti, kwa kuwa amesomea chuma huko huko kwao. Nani mwingine Ufipa nzima amesomea chuma? Mnitajie.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua ya kwanza. Paa linavuja pale pale pa mwaka jana.

Jumamosi, 9 Novemba

Leo nimepokea wageni kwa gari mbili.

Modesti kamleta mkubwa wa kampuni, Bwana Walta, mtu mrefu, mpole, anazungumza kofia iko mkononi. Walitaka kuona kilima chetu kwa sababu ya mawe yake, mawe mazito mekundu yenye chuma ndani. Juu ya kilima hicho, nyuma ya nyumba yetu, limesimama ilungu. Hilo ni tanuri la udongo la wazee wetu la kuyeyushia chuma, refu kupita watu wawili, lina matundu chini ya kuingizia hewa. Alilijenga baba mkwe wangu, mzee Leonsi, enzi za ujana wake. Mimi sijawahi kuliona likiwaka. Nilipoolewa lilikuwa limeshapoa.

Bwana Walta alilizunguka, akaligusagusa tumboni, akasema neno kwa lugha ya kwao. Modesti akatafsiri: "Anasema ni zuri kuliko yote aliyowahi kuona." Halafu akatoa jembe, la kwanza kutoka kiwandani tangu mafundi wake wafufue mashine. Lilikuwa linang'aa kama sahani ya altare. Akampa Modesti, na Modesti akaniletea mimi, mbele ya kijiji kizima, pale pale chini ya ilungu.

Nilipiga magoti. Nililipokea kwa mikono miwili. Nilipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia.

Hakuna aliyeitikia. Wanawake wote walikuwa wamesimama midomo imefungwa. Zita, mke wa shemeji yangu Eustaki, akanivuta kitenge: "Mama Modesti, umefanya nini?"

"Nimepokea zawadi ya mwanangu. Wako akileta, nitakupigia na wewe."

Bwana Walta hakuketi, alikuwa na safari ya Namanyere. Modesti alibaki. Nilimchinjia jogoo. Hakula. "Nimeshiba, mama." Modesti! Mtoto anayekwangua ukoko mpaka sufuria inalia!

Jumapili, 10 Novemba

Mzee Leonsi amekataa uji wangu. Nikadhani ni sukari, maana siku hizi anaitaka kama mtoto. Nikaongeza. Akasogeza bakuli.

"Mkamwana, lile jembe ulilipokea ukiwa umesimama?"

"Hapana, baba. Nilipiga magoti. Mimi nina adabu zangu."

"Mkono mmoja?"

"Yote miwili."

"Vigelegele?"

"Vya kutosha, baba."

Akatafuna ufizi. Kisha akaniambia jambo ambalo nilikuwa nimelisikia utotoni nikalisahau kama watu wanavyosahau. Ilungu ni binti. Walipolijenga walilivika shanga, wakalipaka unga, wakaliimbia kama mwali anayetolewa. Wazazi wake ni nyumba hii. Na kwetu zamani mahari haikuwa fedha, ilikuwa majembe. Jembe la posa hupokewa na mama wa nyumba, magoti chini, mikono miwili, mbele ya watu, kwa vigelegele.

"Sasa niambie ulikosea wapi," akasema.

"Sikukosea popote, baba."

"Ndiyo hivyo. Umemwoza."

Nikacheka. Nikasema, baba, vigelegele vyenyewe hata havikuitikiwa, ndoa gani hiyo?

"Mimi nilisikia mmoja akiitikia."

"Nani?"

Akaelekeza kidole juu, kilimani, akarudi kulala.

Jumapili, 17 Novemba

Ukungu mchana kutwa. Saa ya kula kijiji kizima kilinuka mkaa. Kila mwanamke alimuuliza jirani yake anachoma nini, na kila mmoja alikuwa amepika kwa kuni.

Jumapili, 24 Novemba

Baada ya misa nilipanda na Zita. Nilimwambia naenda kuonyesha kwamba hakuna kitu. Zita akasema yeye anakuja kuniona nikionyesha.

Mvua imenyesha wiki nzima, viatu vyetu vilikuwa mizigo ya tope. Lakini kuzunguka ilungu majani yalikuwa makavu na udongo una vumbi. Nikainama kwenye tundu moja la chini na kutia mkono. Nilitegemea baridi. Hewa ilikuwa inaingia. Ilikuwa inavuta ndani, taratibu, inaacha, inavuta tena, kama mgonjwa anayepewa mchuzi. Pindo la kitambaa changu cha kichwa likaingia ndani ya tundu lenyewe, bila upepo. Nikalishika, likashikwa. Zita ndiye aliyelichomoa.

Tuliteremka bila kuambiana neno. Mimi na Zita!

Jumanne, 3 Desemba

Panga langu limeshika kutu, sufuria, hata msalaba wa ukutani. Lile jembe halina hata doa.

Jumapili, 8 Desemba

Ugomvi nyumbani kwangu, na mimi nimekaa katikati na kibuyu cha pombe nisijue nimmiminie nani.

Shemeji Eustaki ni balozi wa nyumba kumi na tangu Azimio la Arusha litangazwe hatembei bila beji ya TANU hata akienda kuoga mtoni. Alikuja na maswali. Modesti alikuwa amekaa mlangoni, kisigino kimoja nje, mgongo amenigeuzia. Siku hizi hukaa hivyo. Hanitazami usoni.

"Wanataka hisa ngapi?" akauliza Eustaki.

"Sitini katika mia, baba mdogo. Na kilima, kwa ajili ya mawe."

"Sitini! Serikali imechukua mabenki kwa wageni, nyinyi mnawakabidhi jembe?"

"Baba mdogo, mashine zilikuwa zimekufa. Nani alizifufua? Wewe na beji yako?"

"Usinitukanie beji."

"Sikutukani. Nakuuliza. Mkulima wa Muze anataka jembe. Hataki kujua hisa za nani."

"Leo hataki. Siku wakipandisha bei, au wakifunga mlango na kuondoka na funguo, atataka kujua. Atakuja kukuuliza wewe, maana wao hatawafikia."

Eustaki akanigeukia: "Na wewe shemeji, una kura yako. Unasemaje?"

Nikasema mwanangu amesoma. Nilisema kwa sauti kubwa. Lakini niliona ile sahani ya Modesti imejaa, ugali wa ulezi umeota ngozi juu, na nikajua kwamba sikuwa nasema kwa kuamini, nilikuwa namtetea tu.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Nilipika kila anachokipenda. Modesti alitia tonge mdomoni, akalizungusha, akalizungusha, machozi yakamtoka, halikushuka. Akatoka nje kulitema. Niliangalia pale alipolitema. Lilikuwa jeusi.

Mzee Leonsi akasema bila kuulizwa: "Nani alilibeba jembe kutoka mkono wa bwana harusi?"

"Modesti."

"Basi ndiye mshenga. Mshenga hali kwenye nyumba ya binti, wala hamtazami mama wa binti, mpaka binti apelekwe kwa mumewe."

"Huyu ni mwanangu, baba!"

"Siku ile hukumpokea kama mwanao."

Sitaandika tena mwaka huu.

Jumapili, 12 Januari 1969

Huu ndio wakati wetu wa matuta. Kila mtu wa Ufipa sasa anatakiwa kuwa shambani akigeuza majani na udongo kuwa matuta ya duara, majani yaozee ndani, mwaka ujao tule. Lakini majembe yanakataa. Si ya dukani, yale ya zamani, yaliyozaliwa na ilungu letu, ambayo karibu kila nyumba bado inayo na kuyapenda. Zita alipiga pigo la kwanza, jembe likachomoka kwenye mpini. Akalirudisha, likachomoka. Shamba la pili vivyo hivyo, na la tatu. Yanaanguka yameelekea upande mmoja, mdomo wa jembe unatazama barabara ya Katandala.

"Ndugu wa bibi harusi wanamsindikiza," akasema Zita. Alitaka kutania. Hakucheka yeye mwenyewe.

Watu wananisalimia bado. Lakini hawasimami.

Jumatatu, 20 Januari

Ilungu limepambwa.

Niliambiwa asubuhi na wanawake waliokwenda kuni, nikakataa, nikapanda mwenyewe. Tumboni limepakwa unga mweupe, mpya, na mvua ilikuwa inanyesha na unga haukuoshwa. Shingoni, pale tanuri linapobana, pamezungushwa shanga nyekundu na nyeupe.

Nilizijua. Ni zangu za harusi, alizonifunga mama. Zinakaa kwenye sanduku chini ya kitanda, ufunguo nauvaa pamoja na rozari.

Nilirudi nikafungua sanduku. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa vizuri kama nilivyokikunja, na ndani yake vumbi la mkaa.

Jumamosi, 1 Februari

Mvua. Hakuna matuta.

Jumapili, 2 Februari

Modesti alikuja na habari njema. Ndivyo alivyoziita, akiwa amesimama mlangoni, akiutazama ukuta. Amekonda mpaka kola ya shati inamzunguka kama ya mtu mwingine.

"Mkutano wa wanachama umepangwa, mama. Bwana Walta mwenyewe atakuja kusaini wakishapiga kura. Na kuna heshima kubwa kwa nyumba yetu. Analipenda sana lile ilungu. Mafundi wake watalikata vipande kwa uangalifu, walipakie kwenye lori, alisimamishe kwao, mbele ya lango la makao makuu ya kampuni. Litaandikwa jina la babu."

Mkono wangu ulikuwa kwenye mwiko. Nilisikia kutoka chumba cha ndani mzee Leonsi anaanza kuimba kwa sauti nyembamba, wimbo ule wanaoimba wazee wa kike mwali anapotolewa nje ya mlango wa kwao. Hajawahi kuuimba mbele yangu. Wanaume hawauimbi.

"Modesti," nikasema, "unasikia unachokisema? Unaniambia lini wanakuja kumchukua."

Akafungua mdomo. Nikaona imemfikia. Uso wake uligeuka rangi ya jivu, akashika mwimo wa mlango.

"Ni tanuri tu, mama. Ni udongo."

"Basi kaa ule."

Aliondoka. Gari lake lilizima mara mbili kwenye kona ya chini, na mara zote mbili ni kule kilimani nilikosikia likiwaka.

Alhamisi, 6 Februari

Nimejaribu kulimaliza mwenyewe. Mimi ni mtu wa hivyo.

Nililifunga lile jembe kwenye khanga, nikashuka Katandala kwa miguu. Njia nzima lilikuwa jepesi kama kibuyu kitupu, lilikuwa kama linanitangulia. Kiwandani walinipokea vizuri, mama wa meneja, nikapewa kiti chenye mto. Nikalitoa jembe, nikamwambia Bwana Walta: narudisha. Modesti alitafsiri akiwa ametazama chini. Bwana Walta akacheka kwa upole, akanirudishia kwa mikono yake, akanipigapiga bega. Anasema zawadi ni zawadi. Anasema ananipenda kama mama yake. Namwamini. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonitisha, maana mtu mbaya ningemfukuza siku ile ile.

"Mama, unaniaibisha," Modesti akaninong'oneza nje.

Kupanda kurudi nyumbani lile jembe lilikuwa zito. Mlima wa kwanza nililibeba kichwani, wa pili begani, wa tatu nililiburuta. Nilipofika mlangoni viganja vilikuwa vimechubuka, na mzee Leonsi ananicheka.

"Mahari hairudishwi na mama peke yake kwa kujifichaficha. Aliyeileta ndiye anairudisha. Pale pale ilipopokelewa. Mbele ya macho yale yale."

"Na mshenga akikataa?"

"Basi binti anaondoka. Na yeye anaondoka naye."

Jumapili, 9 Februari

Leo baada ya misa nilisimama mbele ya wanawake wa kijiji, nikasema kura yangu ni hapana. Kwa hisa sitini, kwa kilima, kwa lori. Nilisema nilikosea mbele yao nikiwa nimevaa kitenge kizuri kuliko wote, na narekebisha mbele yao nikiwa nimevaa kile kile.

Zita akasema, "Kumbe hicho kitenge utakivaa mpaka lini?" Wakacheka wote. Sikuwa nimesikia wanawake wenzangu wakicheka karibu nami tangu siku ile ya jembe.

Eustaki amekuwa akipita vijiji hadi Namanyere, anazungumza na wanachama. Anarudi hana sauti, anakunywa maji ya moto. Nilikuwa nikimwona mtu wa beji tu. Leo nilimshonea kifungo.

Jumanne, 18 Februari

Ilungu limekuwa likivuta hata tukiwa huku chini. Mapazia yote ya kijiji yameelekea kilimani.

Jumapili, 23 Februari

Modesti amekuja, bila gari, katika ukungu ambao huoni mkono wako. Nilimsikia akikohoa kabla ya kumwona. Hakuja nyumbani kwanza. Alipanda. Nikamfuata kwa mbali kama alipokuwa anajifunza kutembea.

Alikuwa ameegemeza sikio kwenye tumbo la ilungu, pale penye unga. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipogeuka shavu lake lilikuwa jeupe na alikuwa analia kama mtoto, bila sauti.

"Umesikia nini?"

"Linaniita Flavian, jina la baba."

Tukakaa kwenye majani makavu, ukungu umetuzunguka. Bado hakunitazama, lakini alikaa upande wangu, nikamweleza alichosema babu yake kuhusu kurudisha mahari.

"Mama, hata mjini sili. Kila kitu kina ladha ya mkaa. Wenzangu wananiuliza kama naumwa, nasema ni kazi." Akafuta shavu. "Nikilibeba lile jembe mbele ya watu, keshokutwa yake mimi si meneja. Unajua hilo? Wewe uliyetangaza mpaka Muze?"

"Najua."

"Na mashine? Nisikudanganye. Wakiondoka na spea zao, zitakufa tena. Baba mdogo anapiga makofi, lakini hajui kuzifufua."

"Wewe unajua?"

Akafikiri. Alifikiri kwa haki, kama mtu aliyesoma. "Nusu yake. Labda. Itachukua mvua mbili, tatu."

"Zikifa, zifie mikononi mwetu. Tutazililia wenyewe."

"Nitakuwa nani, mama, nikiwa si meneja?"

"Sijui. Utakuwa na njaa, hilo najua."

Akacheka. Kidogo, puani, lakini kilikuwa kicheko chake. Na pale pale nyuma yetu ile hewa iliyokuwa inaingia kwenye matundu ikasita. Wote wawili tulisikia. Ilikuwa kimya kama mtu aliyezuia pumzi kusikiliza mlango wa pili.

"Nitalibeba," akasema Modesti.

Hewa haikuanza tena mpaka tulipofika chini.

Jumatano, 26 Februari

Imekubaliwa. Eustaki amewaomba wanachama mkutano usifanyike kiwandani, ufanyike huku juu. Bwana Walta amekubali kwa furaha, anasema ni heshima, anakuja na mpiga picha. Lori nalo linakuja, hakuna aliyemwambia lisije.

Sijui kura zitakwendaje. Eustaki anasema tuko wengi, lakini alisema hivyo akitazama maji yake ya moto. Modesti yuko chumba cha ndani kwa babu yake, wanafundishana maneno ya kusema mtu anaporudisha posa, na mzee anamkaripia matamshi yake ya Kifipa. Lile jembe liko ukutani. Leo asubuhi, kwa mara ya kwanza, nimeona doa la kutu kwenye ncha, dogo kama mbegu ya ulezi.

Nimesaga unga, nimemfunga jogoo mguuni. Modesti akishalirudisha jembe mkononi mwa mwenyewe, nitapiga vigelegele nikiwa nimesimama, na chungu kitakuwa motoni hatua chache tu kutoka pale, aje ale mbele yao wote kama ataweza. Nimetuma watu Muze, nimetuma Namanyere, nimemwambia padre. Nawaomba wanawake wote wa kijiji waje, hata wale tuliogombana nao, na safari hii waitikie, waitikie kwa nguvu, asije akaitikia yule binti wa kilimani peke yake. Ni Jumamosi, tarehe moja Machi, jua likiwa utosini, chini ya ilungu.